Bendera Kubwa ya Wilf

Tumekuja na viti vya kukunja,
themosi, mayai sita ya kuchemsha,
chumvi ndani ya karatasi iliyokunjwa kama hirizi,
na bendera ya Wilf, pana kuliko shuka letu la kitanda,
aliyoinunua mwaka tuliohamia Lincolnshire
na kuifua kwa mkono kila Juni,
maji ya baridi tu, isije nyekundu ikachujia nyeupe.

Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto Severn.
Miaka thelathini na minane nalala ubavuni kwake
na bado nikikasirika, nakasirika kwa Kiwelisi.
Msalaba huu wa Uingereza, ule wa Uskoti, ule wa Ayalandi.
Wa kwetu haumo. Hata uzi.
Nilimwambia zamani. Akasema, "Mpenzi, nafasi ilijaa,"
akacheka, nami nikacheka,
ila kicheko changu kilikuwa na mfupa ndani.

Uwanja wa jumba la mabwana waliokwisha,
nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruti.
Akina Ollerenshaw wameleta meza, kitambaa,
na kinara cha mishumaa, jamani, cha fedha!
Mtoto aliyepakwa rangi tatu usoni
amelala hata muziki haujaanza,
rangi zimehamia begani kwa baba yake.

Zumari moja likatoa sauti nyembamba
na ala zote zikaifuata kama vifaranga.
Kisha kimya.
Kisha fidla, nyingi, kwa pamoja,
nikasahau yai mkononi.

Ulipofika ule wimbo ambao kila mtu aliungoja,
Wilf akasimama. Magoti yakalia kabla ya matarumbeta.
Hapungi kama wengine, kwa furaha ya mkono mmoja.
Anapunga kwa mikono miwili, polepole,
kama mtu wa gatini anayeiambia meli: huku, huku.
Kaka yake Lionel alikwenda vitani mwaka themanini na mbili,
visiwa vya kusini vyenye kondoo wengi kuliko watu.
Wilf hamtaji Lionel.
Anapunga.

Mvua ya huku haipigi hodi.
Lilianza tone moja kwenye kifuniko cha themosi, ting,
mara mbingu nzima ikamwagika.
Watu mbio, viti vichwani,
akina Ollerenshaw wakikimbiza kinara chao kama mgonjwa.
Wapiga fidla wakazificha fidla ndani ya makoti.
Lakini kinubi hakifichwi ndani ya koti.
Kilibaki pembezoni mwa jukwaa, pale paa linapovuja,
na binti mwembamba, mgongo wazi,
amekikumbatia kwa mwili wake wote
kana kwamba ngozi yake ingetosha.

Nilikuwa nakusanya maganda ya mayai.
Nikainua macho, kiti cha Wilf kitupu.
Nikamwona anateremka mteremko ule wenye utelezi,
mzee wa miaka sabini na mmoja, bila fimbo,
bendera imemzunguka shingoni.
Hakusema neno na yule binti, au alisema, sikusikia.
Akaitandaza juu ya kinubi,
akavuta pembe zake, akazikaza kwa mkanda wa suruali yake
kama unavyomfunika farasi aliyetoka mbioni.
Kisha akarudi, mkono mmoja umeshika suruali.

Kwetu, nyumba ya bibi yangu, kinubi kilikuwa sebuleni.
Hakikupigwa. Kilipanguswa vumbi kila Jumamosi.
Sikuwahi kumsimulia Wilf habari hiyo.

Garini tulikula yai la mwisho, bila chumvi,
vioo vimejaa ukungu.
"Bendera?" nikauliza.
"Imo kwenye lori la ala. Limeshaondoka, Grimsby sijui, au Hull."
Akawasha gari. "Itabidi tupige simu."
Nilisema neno moja kwa lugha yangu.
Hakuuliza maana yake.

Sasa ni Oktoba.
Hatujapiga.